Maneno Pia Ni Dawa: Mwenzi Wako Anapolemewa na Mawazo



Ni saa nane za usiku. Barabara ya Magongo imetulia, isipokuwa lori moja moja linaloelekea bandarini. Ndani ya chumba cha kupanga, mume ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, macho ukutani. Mke anafumbua jicho.

"Baba Neema, una nini?"

"Sina kitu. Lala."

Mke ananyamaza. Jana usiku aliuliza swali hilo hilo, na juzi pia, na jibu halikubadilika.

Baba Neema na Mama Neema si watu wa nyumba fulani mnayoweza kuionyesha kwa kidole. Tumewafanya mfano, tukikusanya mambo yanayotokea katika nyumba nyingi za hapa Magongo, Chaani, Migadini na Mikindani. Huenda mtajiona humo. Mkijiona, msione haya, bali someni hadi mwisho, na ikiwezekana msome pamoja.

Baba Neema alikuwa dereva wa malori ya makontena. Reli mpya ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, na serikali ikataka makontena ya bara yaende kwa treni, kazi ya malori hapa Mombasa ilipungua sana. Mwaka 2019 watu waliandamana mjini wakililia riziki yao. Mwaka 2022 Rais mpya aliagiza shughuli hizo zirudi Mombasa, na baadhi ya madereva wakarudi barabarani. Baba Neema hakurudi. Tangu hapo anafanya vibarua, leo kipo, kesho hakipo. Mama Neema anauza mahamri na mbaazi tangu alfajiri, naye ndiye anayelipa kodi ya nyumba.

Kwa miezi kadhaa sasa Baba Neema halali vizuri. Chakula hakina ladha kinywani mwake. Watoto wakicheza kwa sauti, anawakaripia. Simu ikilia, moyo unamwenda mbio akidhani ni mwenye nyumba. Kwenye jumuiya ndogo ndogo haonekani tena. Siku moja alisema kwa sauti ya chini: "Afadhali nisingekuwepo." Mama Neema alidhani ni uvivu. Mama mkwe akasema mwanawe amerogwa. Jirani akasema imani yake imepungua. Marafiki nao walimwita mangweni, wakamwambia mnazi utaondoa mawazo. Mwishowe muuguzi mmoja wa zahanati alimshauri aonane na mshauri nasaha, akazungumze.

Baba Neema alicheka kwa uchungu. "Nikaongee? Maneno yatalipa kodi?"

Swali hilo ndilo somo letu. Wengi wetu hudhani maneno ni upepo tu, yakitoka mdomoni yamekwisha. Twaelewa sindano, twaelewa vidonge. Lakini kukaa na mtu na kuzungumza, kunawezaje kuponya ugonjwa?

Huu ni ugonjwa gani?

Kila mtu huhuzunika. Ukifiwa, utalia, ukikosa karo, utakosa usingizi. Hiyo ni hali ya binadamu. Lakini kuna huzuni inayokaa siku nyingi, ikakunyima usingizi, hamu ya kula, nguvu ya kufanya kazi na furaha ya mambo uliyoyapenda, ikakufanya ujione huna thamani. Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, waganga huihesabu kuwa ugonjwa. Waandishi wengi wa Kiswahili huuita sonona. Mara nyingi huja na ndugu yake, ugonjwa wa wasiwasi: moyo kwenda mbio, kifua kubana, mikono kutoka jasho, akili kungojea baya hata pale ambapo hapana baya.

Sisi hapa husema tu, "Ana mawazo." Msemo huo una ukweli ndani yake. Mgonjwa huyu huwaza jambo lile lile mchana na usiku, kama gurudumu la gari lililokwama mchangani: linazunguka kwa nguvu, na kadiri linavyozunguka ndivyo linavyozama.

Mume hushikwa, na mke hushikwa. Mama aliyejifungua juzi anaweza kushikwa hata kama mtoto ni mzima na ndugu wote wanashangilia. Wala si dalili ya uvivu, wala ya uchawi.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna kijisehemu kidogo chenye umbo la lozi. Wataalamu hukiita amigdala. Kazi yake mojawapo ni kutuonya juu ya hatari. Ni kama mbwa wa mlinzi: akisikia kitu, hubweka kwanza, maswali baadaye. Ukivuka barabara na matatu ikakujia kwa kasi, mbwa huyo hubweka nawe ukaruka kabla hujafikiri. Mungu ametujalia ulinzi mzuri.

Mbele ya ubongo, nyuma ya kipaji cha uso, kuna sehemu zinazopima mambo, kupanga na kuamua. Hizo ni kama mwenye nyumba anayetoka nje na kumwambia mbwa: "Tulia, huyu ni jirani."

Katika ugonjwa wa wasiwasi, mbwa hubweka kupita kiasi. Simu ikilia, anabweka. Mlango ukigongwa, anabweka. Katika sonona, kwa wagonjwa wengi, sehemu za ubongo zinazohusika na hisia, kumbukumbu na kujifikiria nafsi hazisikilizani kama ipasavyo, na mtu hubaki akijihukumu bila kupumzika. Mfano wa mbwa na mwenye nyumba ni mfano tu. Ubongo ni mpana kuliko huo. Lakini watufaa kuelewa jambo linalofuata.

Walichokiona wataalamu

Kuna mashine zinazoweza kuonyesha ubongo ukiwa kazini. Kwa aina mojawapo, mtu hudungwa sukari kidogo yenye mionzi hafifu, kisha mashine huangalia ni sehemu zipi za ubongo zinazoitumia sukari hiyo kwa wingi. Inayofanya kazi zaidi hula zaidi.

Mwaka 1992, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, nchini Marekani, walitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Walichunguza watu wenye ugonjwa wa kushikwa na wazo wasiloweza kuliacha, kama vile kunawa mikono tena na tena. Baadhi walipewa vidonge. Wengine hawakupewa kidonge hata kimoja, bali walifundishwa na mshauri jinsi ya kukabili hofu yao hatua kwa hatua. Waliopata nafuu katika makundi yote mawili walionyesha badiliko katika sehemu ile ile ya ndani ya ubongo: ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, sasa imetulia.

Mwaka 2002, wataalamu wa Uppsala, Sweden, waliwachunguza watu 18 wenye hofu kubwa ya kuzungumza mbele ya watu. Kundi moja lilipewa vidonge, kundi la pili likapata tiba ya mazungumzo, la tatu likangoja zamu. Baada ya majuma 9 waliambiwa wahutubie huku ubongo wao ukitazamwa. Kwa waliopata nafuu, wawe wa vidonge au wa mazungumzo, amigdala na sehemu za jirani yake zilikuwa zimepunguza kishindo. Mbwa alikuwa amejifunza kunyamaza.

Mwaka 2004, wataalamu wa Toronto, Canada, waliwachunguza wagonjwa 17 wa sonona waliotibiwa kwa mazungumzo peke yake, vikao kati ya 15 na 20. Waliopona walionyesha mabadiliko katika sehemu za mbele za ubongo, zile za kuwaza na kuwazua, ambazo zilitulia. Sehemu za ndani zinazohusika na hisia na kumbukumbu nazo zilibadilika. Tena mabadiliko hayo hayakufanana kabisa na ya wagonjwa waliotibiwa kwa vidonge. Ni kama kwenda Mombasa mjini kutoka Magongo: mmoja apita Makupa, mwingine apita Likoni kwa kivuko. Njia mbili, mji mmoja.

Tuwe wakweli. Uchunguzi huu ulihusu watu wachache, na chunguzi zilizofuata hazikuonyesha kila mara sehemu zile zile. Wala picha hizi hazitumiwi na daktari kumpima mgonjwa wa sonona. Daktari hupima kwa kuuliza na kusikiliza. Usiende kutafuta mashine ya ghali ikuambie kama unaumwa. Lakini jambo moja limekuwa wazi: maneno yakitumiwa kwa utaratibu hayaishii hewani. Yanafika kwenye mwili. Ubongo ni nyama na damu, nao unabadilika.

Je, si mambo ya Wazungu?

Huenda mmesema moyoni: hayo ni ya Sweden na Canada, kwa watu wenye nafasi. Basi tuje nyumbani.

Katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, UKIMWI uliua wengi, na waliobaki walibeba majonzi. Wenyeji walikuwa na majina yao kwa hali hiyo katika Kiganda, yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Watafiti walichagua vijiji 30. Katika baadhi ya vijiji, watu walikaa katika vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, mara moja kwa juma kwa majuma 16, dakika 90 kila mara. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari, bali watu wa hapo waliopewa mafunzo ya majuma mawili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa katika vikundi walikuwa na sonona. Baada ya majuma hayo walibaki asilimia 6.5 tu. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, waliokuwa nayo walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Hapakuwa na mashine ya picha kule Masaka, lakini watu walirudi shambani, wakarudi kupika, wakarudi kusalimiana.

Hapa Kenya, mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa viungani mwa Nairobi kwa wanawake 421 waliokuwa wamepitia ukatili. Wahudumu wa afya wa jamii, baada ya kufunzwa, waliwapa baadhi yao vikao 5 vya mpango uliotungwa na Shirika la Afya Duniani: jinsi ya kutuliza mwili, kuyagawa matatizo vipande vipande, kurudia shughuli zilizoachwa, na kutafuta watu wa kukutegemeza. Miezi mitatu baadaye, waliopata vikao hivyo walikuwa wamepungukiwa na dhiki zaidi kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Basi tiba hii si mali ya matajiri. Inamfaa mkulima wa Rakai, na inaweza kumfaa dereva wa Magongo.

Mazungumzo gani hayo?

Hapa tusikosee. Si kila maongezi ni tiba. Kupiga gumzo barazani ni kuzuri, lakini hakutoshi. Kulalamika usiku kucha kwa mambo yale yale huweza hata kuliongezea gurudumu mchanga. Tiba ya mazungumzo ina utaratibu, ina muda, ina mazoezi.

Aina moja hushughulikia mawazo na mwenendo. Baba Neema anaambiwa na mshauri: "Wazo gani linakujia saa nane za usiku?" Anajibu: "Kwamba mimi si mwanamume tena. Mwanamume gani analishwa na mahamri ya mkewe?" Mshauri hamwambii, "Usiwaze hivyo." Anamwuliza: "Baba yako alipougua miaka ile, nani alilisha nyumba?" "Mama." "Je, baba yako aliacha kuwa mwanamume?" Baba Neema ananyamaza. Kisha anapewa kazi ya juma: kila asubuhi ampeleke Neema shuleni kwa miguu, na ajiandikie kwenye daftari alivyojisikia. Ni jambo dogo, lakini linaanza kulitoa gurudumu mchangani.

Aina nyingine, iliyotumika Masaka na Rakai, huangalia mahusiano. Huuliza: ugonjwa huu ulianza maisha yako yalipobadilika vipi? Ulifiwa? Una ugomvi usiokwisha na mtu wa karibu? Umebadilika cheo au hali, kama kufutwa kazi, kuhama au kupata mtoto? Au umekuwa mpweke? Mume na mke, yatazameni maswali hayo manne. Karibu yote yanapita ndani ya ndoa.

Sasa, kwa nini mambo haya yabadili ubongo? Kwa sababu ubongo hubadilika kila tunapojifunza. Mwulize dereva yeyote wa trela. Siku ya kwanza ya kurudi nyuma na trela, ukikata usukani kulia, mkia unakwenda kushoto. Kichwa kinauma, jasho linakutoka. Unakosea, unaanza upya. Baada ya miezi, mikono inajua yenyewe, nawe unaliingiza lori kwenye uwanja wa makontena huku ukizungumza. Njia mpya imechimbwa kichwani kwa kurudiarudia. Ndivyo ilivyo kwa mawazo. Kwa miaka mtu amejizoeza kusema, "Sifai." Kwa majuma mengi itabidi ajizoeze kupima wazo hilo kabla ya kulikubali. Ndiyo maana tiba hii haifanyi kazi kwa siku moja, na asiyefanya mazoezi ya nyumbani hufaidi kidogo.

Dawa za hospitali nazo ni njema. Wengine hupona kwa mazungumzo, wengine kwa vidonge, na wengi ambao ugonjwa wao ni mzito huhitaji vyote viwili. Aliyeandikiwa dawa asiziache bila kumwuliza daktari, hata akijisikia vizuri.

Mwenzi afanye nini?

Mama Neema, na wewe mume ambaye mkeo ndiye mgonjwa, sikilizeni. Turudi kwenye lile trela. Dereva akirudi nyuma mahali pembamba, utingo hushuka. Husimama pale ambapo kioo cha dereva hakifiki, akapaza sauti: "Njoo, njoo, kata kidogo, simama!" Utingo hashiki usukani, wala hamtukani dereva mbele ya watu. Lakini asiposhuka, lori litagonga ukuta. Mwenzi wa mgonjwa ni utingo. Wewe si mshauri wake, wala hutaweza kumponya peke yako. Lakini unaona asichokiona.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Sema unachokiona, usimhukumu. "Naona hulali, nami nina wasiwasi juu yako" ni tofauti na "Siku hizi umekuwa mvivu."

2. Sikiliza bila kukimbilia jibu. Akisema, "Nimechoka na maisha," usijibu, "Hata fulani ana shida kuliko wewe." Mwambie, "Nieleze, nakusikiliza." Kisha nyamaza kweli.

3. Msindikize siku ya kwanza. Wengi hufika kwenye geti la hospitali wakarudi. Kwa miaka mingi hospitali ya Port Reitz, jirani yetu, imejulikana kwa wodi yake ya wagonjwa wa akili, na jina hilo limegeuzwa kuwa matusi. Mtu huogopa kuonekana. Mkishikana mikono, aibu inapungua nusu.

4. Mkumbushe mazoezi aliyopewa, kwa upole, na uyafanye pamoja naye. Kutembea jioni hakuna gharama.

5. Tunza siri. Alichokuambia usiku kisifike sokoni asubuhi, wala kwa mama mkwe.

6. Jitunze na wewe. Anayemuuguza mgonjwa wa sonona huchoka. Tafuta dada au rafiki mwaminifu wa kukusikiliza.

Na mambo ya kuepuka: kumlinganisha na waume wengine, kumtishia kuondoka, kumficha pesa kwa dharau, na kumwachia pombe iwe daktari wake. Pombe huonekana kama inatuliza usiku, kesho yake huzidisha huzuni na wasiwasi.

Jambo moja zaidi. Ugonjwa haumpi mtu ruhusa ya kupiga. Palipo na kipigo, usalama wa mke na watoto hutangulia. Mazungumzo ya wawili yatafuata baadaye, mbele ya watu wanaofaa.

Na imani yetu?

Wengine huuliza: "Je, kwenda kwa mshauri si kukosa imani? Si tusali tu?" Mkumbukeni nabii Elia, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Baada ya ushindi mkubwa, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamletea mkate na maji, si mara moja bali mara mbili. Hatimaye Mungu alimwuliza afanya nini pale, akamwacha aseme yote yaliyomlemea, na alipomwuliza tena, akamsikiliza tena. Baada ya hapo akampa kazi, na akampa mwenzake, Elisha. Usingizi, chakula, kusikilizwa, kazi, mwenzi: Mungu hakudharau lolote kati ya hayo.

Mwezi wa Novemba 2003 Papa Yohane Paulo wa Pili alizungumza na mkutano wa Vatikani uliohusu sonona, akasisitiza umuhimu wa kuwanyoshea mkono wagonjwa hawa. Basi sali, na mwende pia kwa mshauri. Kitubio huondoa dhambi. Sonona si dhambi. Padre atakusikiliza na kukubariki, na padre mwenye busara atakuambia pia uende hospitali, kama ambavyo angekuambia ukiwa na malaria.

Siku ile mlipofunga ndoa, mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Wengi tulipotamka hayo tuliwaza kisukari au ajali. Ugonjwa huu nao umo.

Hatari ya kimya

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenzi wako akisema anatamani kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, usidhani anatisha tu. Mwulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo; mara nyingi humpa nafuu, kwa kuwa sasa kuna anayejua. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye sumu, kamba na dawa nyingi, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu isiyolipiwa, namba 1199. Wala msiogope polisi wakafanya mgonjwa akose msaada: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Mgonjwa huyu anahitaji tiba, si kifungo.

Turudi kwa Baba Neema. Mkewe hakumsukuma. Usiku mmoja aliketi naye ukingoni mwa kitanda, akasema: "Sitaki uniambie kuwa huna kitu. Nami naogopa. Twende wote Jumanne. Nitamwachia dada beseni la mahamri." Walikwenda. Juma la kwanza alisema maneno machache. Juma la nne alilia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Kufikia juma la kumi alikuwa akilala saa sita mfululizo, na Neema alizoea kushikwa mkono njiani. Kodi bado ni ya kuhangaikia, na kazi ya lori bado hajaipata. Maneno hayakulipa kodi. Lakini yalimrudishia mtu anayeweza kuamka akaitafute, na anayejibu mkewe anapomwuliza usiku, "Una nini?"

Ya kuzungumza mkiwa wawili

Tafuteni nusu saa watoto wakiwa wamelala, mzime redio na simu, kisha mmoja aseme na mwingine asikilize bila kumkatiza, halafu mbadilishane:

1. Katika mwaka huu, ni badiliko gani la maisha lililonilemea kuliko nilivyokuambia?

2. Ninapokuwa na mawazo, ni neno gani lako hunisaidia, na lipi huniumiza?

3. Mmoja wetu akiugua hivi, tutamwendea nani, na nani atamsindikiza?

Mkimaliza, msijibizane. Salini Baba Yetu pamoja, mlale. Mengine mtayaongea kesho.